Tiketi ya Kibao cha Tano

Mwanangu unayesoma haya, kama umeanza kazi ya kubeba wagonjwa, la kwanza kabisa: funga mikanda ya kiti cha magurudumu kabla hujauliza habari za nyumbani. Mimi nilikuwa naanza na salamu. Sisi watu wa Mombasa hatuwezi kumkuta mtu tukaingia kazini moja kwa moja, na salamu zetu mnazijua, zina mama, zina wajukuu, zina mvua. Wiki yangu ya pili kazini, huko Houston, nilisalimiana na bibi mmoja wa Gulfton mpaka nikausahau mkanda wa nyuma wa kulia. Nilipokata kona, kiti kikageuka, bibi akawa anaangalia tulikotoka. Hakuumia, alhamdulillahi, lakini alinitukana kwa Kihispania hadi mlangoni mwa kliniki, na sikuhitaji mkalimani.

Kazi hii nimeifanya miaka kumi na minne. Miwili ya mwanzo Houston, iliyobaki yote huku Fort Worth, nikiishi Arlington. Magoti ndiyo yaliyostaafu kwanza, nami nikayafuata. Binti yangu Mwanaidi amechoka kunisikia nikisimulia mezani, akaniambia, "Baba, just write it down, halafu tule." Basi naandika. Siandiki kwa mpangilio, maana kumbukumbu zangu zinakuja kama wageni wa Idi, kila mmoja kwa wakati wake.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Athumani, Mzanzibari mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekuwa dereva wa malori kabla hajafika Marekani. Nyinyi leo mnaongozwa na simu, inawaambia geuka hapa, umepotea, rudi. Sisi tulipewa karatasi ya safari za siku nzima, na Mzee Athumani ndiye aliyekuwa simu yangu. Alikaa kando yangu wiki nzima akinisahihisha. Neno moja alilonifundisha wiki hiyo ndilo lililokuja kuniokoa, ingawa siku aliponiambia nililicheka.

Ilikuwa kuhusu kile kibao chekundu cha stop kwenye makutano. "Watu wa hapa," alisema, "wakikiona wanapunguza mwendo, wanachungulia, wanateleza. Wao wanaita kusimama. Askari ana jina lake jingine. Wewe, gari likishatulia kabisa, soma bismillahi mpaka mwisho wake. Na isome kwa sauti. Ukiisomea moyoni utaifupisha. Ukiona umeondoka na neno bado liko mdomoni, ujue hukusimama."

Nikacheka. Akaniambia, "Cheka, bwana. Faini haicheki."

Tangu siku hiyo nikashika hivyo, na mpaka leo sijui kukaa kwenye kibao kwa namna nyingine. Hata Mwanaidi akiendesha yeye, mimi husoma nikiwa abiria.

Lakini bismillahi haikunizuia kupata tiketi yangu ya kwanza, ile karatasi ya faini ya askari, iliyokuwa ya mwendo wa kasi, huko huko Houston. Hiyo nilistahili. Ila angalieni nilivyoivuruga. Askari alipowasha taa, nilisimama pembeni, nikafungua mlango, nikashuka nimlaki kwa heshima, mkono nimeshaunyoosha. Kwetu dereva akisimamishwa na kukaa ndani kama bwana mkubwa, anaonekana ana kiburi. Askari yule alipiga kelele sijapata kusikia, mkono wake ukaenda kiunoni. Nikarudi ndani ya gari kinyumenyume. Kwa hiyo la pili: ukisimamishwa, kaa ndani, mikono juu ya usukani, salamu zako zisubiri.

Kosa kubwa zaidi lilikuja baadaye. Nilipofika nyumbani na ile karatasi, nilikuwa na jambo moja tu kichwani: kuimaliza kabla mtu hajajua. Mtu mzima kuitwa kortini ni aibu, watu watasema ameiba. Funika kombe mwanaharamu apite. Nikalipa kesho yake asubuhi, nikashukuru Mungu, nikalala.

Kumbe kulipa kule ni kukubali kosa. Hakuna aliyeniambia. Kombe nililolifunika lilikuwa limeandikwa kwenye rekodi yangu ya udereva, na kampuni ikaliona. Meneja aliniita, akasema bima yao inamvumilia dereva mwenye kosa moja la barabarani, na likija la pili kabla hili halijazeeka, anatoka, hata awe mzuri namna gani. Muda si mrefu nikahamia tawi la kampuni hiyo hiyo huku Fort Worth, na kosa langu nikahama nalo.

Huku ndiko nilikompata Mama Furaha.

Alikuwa Mkongo wa upande wa Bukavu, amekaa kambini miaka mingi kabla ya kuletwa Haltom City, mjane, figo zimechoka na kisukari kimemaliza macho. Alikuwa haoni kabisa. Nilimpeleka kliniki ya figo mara tatu kwa wiki. Mimi Mwislamu, yeye Mkristo wa kuimba kwaya. Mara ya kwanza nilipofika kwenye kibao na kusoma bismillahi yangu kwa sauti, nilisikia nyuma, "Amina." Nilidhani ameitikia mara moja tu kwa adabu. Kibao cha pili, "Amina." Cha tatu, "Amina." Mwisho nikamwuliza kama anajua ninachosema.

"Papa, sijue maneno," akasema, maana kwao papa ni baba. "Lakini minasikia ni maombi. Na maombi haiwezi baki bila mutu wa kuiitikia."

Ikawa ndiyo desturi yetu.

Alikuwa na vijitabia viwili nilivyoviona vya ajabu. Kila tulipofika kliniki, kabla sijazima injini, alikuwa akisema, "Tumefika." Nilidhani ananusa dawa. Na siku moja barabara ilikuwa imefungwa kwa ujenzi, nikapitia njia nyingine, akaanza kuhangaika, "Papa, unanipeleka wapi? Papa, hapa ni wapi?" Nikamwona mkorofi siku hiyo, Mungu anisamehe, nikamjibu mkato. Nyinyi mgonjwa akihangaika, mwulizeni sababu. Mimi sikuuliza, na ingenisaidia sana kujua mapema.

Sasa tiketi yenyewe. Jumanne, saa mbili asubuhi, Mama Furaha nyuma. Tukafika kwenye kibao kimoja katika mji mdogo tunaopita njiani. Pale pana ua wa miti uliofunga kona. Nikasimama kwenye mstari mweupe, nikasoma, nikaitikiwa, nikasogea taratibu mpaka pua ya gari ivuke ule ua nione barabara, nikaona salama, nikaondoka. Sirene ikalia.

Nilikaa ndani, mikono juu ya usukani. Askari alikuwa kijana, mpole, akaniita sir. Akasema nimepita kibao bila kusimama. Nikamwambia nimesimama. Akasema yeye aliona gari likitambaa tu. Akaniandikia, akanipa nitie sahihi. Hapo pia jifunzeni: sahihi ile si kukubali kosa, ni ahadi kwamba utaitikia wito. Tia, sema ahsante, nenda zako. Askari hajawahi kushindwa ugomvi wa pembeni mwa barabara.

"Papa, iko nini?" Mama Furaha akauliza.

"Hamna kitu, mama. Karatasi tu."

Nilimficha. Nilikuwa naogopa, na nasema wazi. Rekodi yangu ilikuwa na kosa moja, hili lingekuwa la pili, na kazi ingeisha. Nilikuwa na miaka hamsini na kitu, Kiingereza changu cha dukani, na ile ndiyo kazi pekee niliyoipenda katika nchi hii. Ningekwenda wapi?

Shemeji yangu Salim, kaka wa mke wangu, alikuja jioni kunipa pole na ushauri. "Shemeji, lipa yaishe. Utashindana na polisi wewe?"

Nikamwambia, "Salim, nikilipa ndiyo yanaanza."

"Basi vaa kanzu na kofia ya vito. Hakimu akikuona mcha Mungu atakuhurumia."

Mke wangu akasema kortini hatwendi arusi, akatoa suti yangu ya kijivu akaipiga pasi siku hiyo hiyo, kama miezi mitatu kabla ya kesi.

Kwenye karatasi nikaandika kwamba sina hatia na kwamba naomba mkalimani. Msione haya kuomba mkalimani. Kiingereza cha kununulia matairi si cha kujitetea. Kuna madereva wenzangu waliambiwa wakae darasa la udereva na tiketi zao zikafutwa, lakini mimi nilikuwa na leseni ya magari makubwa ya biashara, na mwenye leseni hiyo mlango ule amefungiwa. Kwangu ilikuwa kushinda au kutoka.

Siku yangu ya mapumziko nilirudi pale kwenye kibao saa ile ile, nikiwa sina abiria. Nikaenda kusimama pale gari la askari lilipokuwa, kando ya ukuta wa kanisa, nikapiga picha. Basi nikaelewa. Kutoka pale, mstari mweupe hauonekani. Ule ua wa miti unauziba wote. Gari linajitokeza likiwa limeshaondoka kwenye mstari, linatambaa. Kijana wa watu hakusema uongo, alisema alichokiona. Hilo liliniumiza zaidi, kwa sababu mwongo utambana, lakini mkweli aliyesimama mahali pabaya utamfanya nini?

Nilikuwa na picha zangu, basi. Zilionyesha kwamba askari hakuweza kuona mstari, lakini hazikuonyesha kwamba mimi nilisimama. Shahidi nilikuwa naye mmoja, na haoni. Sikumwambia lolote. Niliona haya hata kufikiria kumpeleka kipofu kortini aseme gari lilisimama. Watu wangecheka, na angechekwa yeye.

Lakini Haltom City na Arlington si mbali kwa maneno. Alisikia kutoka kwa watu wa kwaya. Siku moja nikimfunga mikanda akaniuliza, "Papa, njo nini unaenda kortini na haukuniambia?"

Nikababaika. Nikasema ni jambo dogo.

"Bon. Siku hiyo hakuna kliniki. Utanipitia. Mutu haendi kortini yeye peke yake kama hana bandugu."

Hapo nikashindwa kukataa. Kumsindikiza mtu kwenye shida yake ni desturi yake na ni desturi yangu. Nikampitia na gari langu mwenyewe, kiti chake nikakikunja kwenye buti, nikamkalisha mbele kando yangu. Njiani nilikuwa nimechanganyikiwa, lakini kila kibao nilisoma, na kila kibao aliitikia.

Korti ile ilikuwa chumba kama darasa, na bendera mbili. Tulifika mapema. Mkalimani alikuwa msichana wa Kitanzania kutoka Dallas, aliniamkia shikamoo, nikajisikia nusu ya ugonjwa umetoka. Mwendesha mashtaka akanifuata kwenye korido, akauliza kama nataka kuyamaliza pale pale kwa kukubali kosa. Nikasema hapana.

Hakimu alikuwa mama wa makamo, nywele nyeupe, kalamu sikioni. Askari akaeleza alichokiona, vizuri, bila chuki. Kamera ya gari lake siku hiyo ilikuwa imeelekea ule ukuta wa kanisa, haikunasa kitu. Mimi nikatoa picha zangu. Hakimu akaziangalia moja moja, akamwuliza askari kama alikuwa anauona mstari. Askari akafikiri kidogo, akasema kwa haki, hapana, mstari hakuuona.

Mwendesha mashtaka akanigeukia. "Lakini hata wewe huna kinachoonyesha kwamba ulisimama."

Nikaeleza habari ya Mzee Athumani na bismillahi. Nilijiona mjinga nikisema. Akaniuliza, "Kwa hiyo unaendesha huku unasali? Barabara unaiangalia saa ngapi?"

"Kinachosali ni ulimi, bwana. Macho yanabaki kazini."

Hakimu akaitoa kalamu sikioni. "Inachukua muda gani hiyo sala yako? Hebu isome hapa kama unavyoisoma garini."

Nikasimama wima, na suti yangu ya kijivu, nikaisoma kwa sauti, polepole, mpaka mwisho.

Na kutoka nyuma, kando ya mabenchi, ikaja, "Amina."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Hakimu akanyoosha shingo. "Na huyo ni nani?"

"Ni abiria wangu," nikasema. "Siku ile alikuwa ndani ya gari. Lakini, mheshimiwa, haoni."

"Sijakuuliza kama anaona. Mwulize kama ana jambo la kusema."

Mama Furaha alikuwa ameshaanza kuusukuma, kwa miguu ya kiti chake, mlango mdogo wa mbao uliotenga mabenchi na meza ya hakimu. Akaapishwa. Mwendesha mashtaka, kijana mwenye adabu, akamwuliza taratibu, "Mama, unawezaje kujua gari lilisimama, na huoni?"

"Mi niko nafungwa na mikanda ine," akasema. "Gari ikitembea pole, mugongo iko mbele. Gari ikisimama kabisa, mugongo inarudi kwa kiti. Mugongo ikirudi, huyu papa anaanza kuomba. Akimaliza, minasema Amina. Haijarudi, hakuna maombi, hakuna Amina."

"Na siku ile unakumbuka?"

"Nakumbuka, kwa sababu mi nahesabu."

Hapo hata mimi niligeuka kumtazama.

"Sione njia," akasema. "Kutoka kwangu mpaka kliniki iko Amina saba. Nikiwa na tatu, najua tumeacha nyumba mbali. Nikiwa na sita, napanga nguo yangu. Nikisema saba, tumefika. Njo njia yangu hiyo. Siku ile nilisema tano, sirene ikalia. Polisi akatuachilia, nikasema sita, nikasema saba, na mulango ya kliniki ikafunguka. Kama papa alipita moja bila kusimama, ningefika kliniki na sita. Ningeuliza tuko wapi. Sikuuliza."

Mkalimani alipomaliza kutafsiri, mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu. Nilikumbuka ile siku ya barabara iliyofungwa nilipomjibu mkato. Nilikuwa nimempotezea njia yake yote, na nikamwona mkorofi. Nilidhani bismillahi ile ni yangu, ya kujikinga na faini, kumbe kuna mtu alikuwa anatembea nayo mpaka kliniki na kurudi.

Mwendesha mashtaka akasema hana swali jingine. Hakimu akaandika kidogo, akasema serikali haikuthibitisha kosa, na kwamba sina hatia. Alisema haraka haraka, kama karani anayeita jina linalofuata, maana jina lililofuata lilikuwa linasubiri kweli. Yule askari aliniinamia kichwa akipita. Nami safari hii nikampa mkono, akaupokea.

Vijana, sijui niwaelezeje ile raha. Nilimpigia mke wangu simu nikashindwa kusema, akadhani nimefungwa. Nikalia kwenye maegesho ya magari, mtu mzima na suti yangu, nimeegemea buti lenye kiti cha magurudumu. Kazi yangu ilikuwa yangu bado. Niliifanya mpaka magoti yalipokataa, na Mama Furaha nikampeleka mpaka wiki yangu ya mwisho. Kijana aliyenipokea nilimwambia mambo yote ya mikanda na karatasi, na hili la saba nikamwambia mara mbili. Ni Mluo wa Kisumu, yeye husoma Baba Yetu kwa ufupi. Mama anasema inatosha.

Lakini nimalizie siku ile. Nilimsaidia Mama Furaha kukaa mbele, nikamfunga mkanda kwanza, salamu baadaye. Tukatoka. Mlangoni mwa maegesho ya korti pana kibao cha stop. Nikasimama, nikaanza kusoma, na furaha ikanizidi. Nikacheka peke yangu katikati ya maneno, mguu ukaachia breki, gari likaanza kuteleza.

"Papa," akasema, "mi sijasema Amina."

Nikakanyaga breki. Nikaanza upya, neno kwa neno, mpaka mwisho.

"Amina," akasema, akaegemea kiti. "Moja."